Maporomoko ya Havasu: Maji ya jangwani yaliyo na wenyewe

NCHI ya kaskazini mwa jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, ni kame. Mvua ni haba, mawe ni mekundu na katika miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Hata hivyo, katika korongo moja lililozama chini ya tambarare hiyo hutiririka mto usiokauka, wenye maji ya rangi ya feruzi, unaoporomoka kwenye majabali mara kadhaa kabla ya kumwagika katika Mto Colorado.

Korongo hilo huitwa Havasu. Ni tawi la Grand Canyon, korongo mashuhuri zaidi nchini Marekani, na maporomoko yake ni miongoni mwa mahali panapotamaniwa mno na wapenda safari za miguu, wale wanaobeba shanta mgongoni na kulala hemani.

Hakuna barabara ya gari inayofika huko. Msafiri hutembea kilomita 16 kutoka ukingo wa juu hadi kambini, hukaa siku tatu au nne, kisha huipanda njia ileile akirudi.

Picha za maporomoko hayo aghalabu husambaa bila maelezo, hata mtazamaji akadhani ni nyika isiyo na mtu. Ukweli ni kwamba maji ya Havasu yana wenyewe. Wameishi kando yake kwa karne nyingi, waliwahi kunyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yao, wakaipigania hadi ikarudi, na ndio wanaotoa kibali cha kuingia. Atakaye kuifahamu safari ya Havasu hana budi kuanza na wao.

Watu wa maji ya buluu

Jamii hiyo hujulikana kama Havasupai. Jina lenyewe, ambalo wao hulitamka Havasu 'Baaja, maana yake ni watu wa maji ya buluu-kijani. Ni jamii ndogo ya watu mia kadhaa tu, na makao yao makuu ni kijiji cha Supai, kilichoko chini kabisa ya korongo, kilomita 13 kutoka mahali barabara ya gari inapokomea.

Supai ina shule ya msingi, zahanati, posta, kanisa, duka na mkahawa. Barua na vifurushi hufikishwa kwa msafara wa baghala, yaani wanyama wazaliwao na punda dume na farasi jike. Ndicho kijiji pekee nchini Marekani ambacho bado hupelekewa barua kwa njia hiyo, na zile zinazotumwa kutoka hapo hupigwa muhuri wa pekee unaoutaja msafara huo.

Maisha ya huko yana gharama yake. Mtoto akimaliza darasa la nane hulazimika kuliacha korongo na kwenda kusoma katika shule za mbali, nyingi zikiwa za bweni. Mgonjwa mahututi hutolewa kwa helikopta. Bidhaa zote, kuanzia unga hadi misumari, hushushwa kwa wanyama au kwa ndege hizo.

Juu ya kijiji zimesimama nguzo mbili za mawe mekundu. Kwa imani ya Wahavasupai, hao ni walinzi wa jamii, mmoja wa kiume na mwingine wa kike. Wazee husimulia kwamba siku nguzo hizo zitakapoanguka, kuta za korongo zitafumba na kuwafunika watu wake.

Hapo kale jamii hii ilikuwa na makao mawili kwa mwaka. Wakati wa joto ililima mahindi, maharagwe na maboga korongoni, ikinyunyizia mashamba maji ya mto. Baada ya mavuno ilipanda kwenye tambarare ya juu kuwinda, kuchuma mbegu za misonobari na kutafuta kuni. Korongo peke yake halikutosha, kwani wakati wa baridi kuta zake ndefu huliziba jua kwa sehemu kubwa ya siku.

Ardhi iliyochukuliwa na kurudishwa

Mnamo 1880 Rais Rutherford B. Hayes aliamuru Wahavasupai watengewe ardhi katika korongo hilo. Miaka miwili baadaye, mnamo 1882, Rais Chester A. Arthur aliipunguza hadi ekari 518, yaani kipande cha chini ya korongo palipokuwa na mashamba. Tambarare ya juu, ambayo ndiyo iliyowalisha wakati wa baridi, ikatangazwa mali ya umma.

Hali ilizidi kuwa ngumu mwaka 1919 Grand Canyon ilipofanywa mbuga ya taifa. Familia za Kihavasupai zilizokuwa zikilima ndani ya mbuga hiyo, mahali palipokuja kuitwa Indian Garden, zilishinikizwa kuondoka, na mkazi wa mwisho alitolewa mnamo 1928. Iliwachukua watawala hadi Novemba 2022 kulibadilisha jina la eneo hilo kuwa Havasupai Gardens.

Kwa zaidi ya miaka 90 wazee wa jamii waliwasilisha maombi kwa serikali, tume na Bunge. Hatimaye mswada wa kuwarejeshea ardhi ulipofika Bungeni katika miaka ya sabini, miongoni mwa waliojitokeza kuupinga walikuwa baadhi ya watetezi wa mazingira, waliohofia kwamba korongo lingeharibiwa likitoka mikononi mwa serikali.

Mnamo Januari 3, 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyowarudishia Wahavasupai ekari 185,000, takriban hekta 75,000. Ardhi hiyo ilijumuisha sehemu ya tambarare ya juu, maporomoko makubwa na uwanja wa kambi.

Kwa hivyo ada anayotozwa mgeni leo haiingii katika hazina ya mbuga ya taifa. Humlipa mwenye ardhi, na ndiyo tegemeo kuu la kijiji ambacho hakina kiwanda wala biashara nyingine kubwa.

Kibali kwanza

Haruhusiwi mtu kwenda Havasu na kurudi siku hiyo hiyo. Kila mgeni sharti awe ameweka nafasi kambini au katika nyumba ya wageni iliyoko kijijini kabla ya kuanza safari. Kwa wanaolala kambini, kibali cha kawaida kimekuwa cha usiku tatu mfululizo, na ada yake imepita dola 100 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja.

Maombi hupokelewa kupitia intaneti mwanzoni mwa mwaka na nafasi humalizika upesi. Anayefika bila kibali hurudishwa, na kurudishwa huko si jambo dogo, kwa maana njia ya magari huishia jangwani, zaidi ya kilomita 100 kutoka mahali penye petroli na chakula.

Mnamo 2019 kabila liliacha kuruhusu kampuni za nje kuongoza makundi ya watalii hadi kambini. Tangu Machi 2020 hadi Februari 2023 korongo lilifungwa kabisa kwa wageni kutokana na maradhi ya Covid-19. Jamii yenye zahanati moja na wazee wachache iliona heri kukosa mapato ya karibu miaka mitatu kuliko kuhatarisha maisha yao.

Safari ya kuteremka

Safari huanzia mahali paitwapo Hualapai Hilltop, penye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hapo pana maegesho ya magari kwenye ukingo wa jabali, lakini hapana maji ya kununua wala duka. Wasafiri wengi huwasili usiku na kuanza kutembea kabla ya mapambazuko ili walitangulie jua.

Sehemu ya kwanza ndiyo yenye mteremko mkali. Njia hujipindapinda kwenye uso wa jabali hadi chini, mwendo wa kilomita mbili hivi, na goti la asiyezoea huanza kulalamika mapema. Baada ya hapo ardhi hulala, na msafiri hufuata mkondo mkavu wa changarawe uliobanwa na kuta nyekundu pande zote mbili.

Katika sehemu hiyo misafara ya farasi na baghala hupita kwa kasi. Anayetembea anatakiwa kusimama upande wa ukuta wa mlima, awaachie wanyama upande wa nje, atulie hadi wapite. Aliyesimama upande wa bonde huweza kusukumwa akaanguka.

Hakuna maji ya kunywa njiani. Lita tatu hadi nne kwa kila mtu ndicho kiasi kinachoshauriwa, na wakati wa kiangazi hata hicho huweza kupungua kabla ya safari kwisha. Kabla tu ya kijiji mkondo mkavu hukutana na chemchemi, na ghafla panatokea miti mirefu ya kotonwudi, sauti ya maji na mbwa wanaobweka.

Wageni hujiandikisha kijijini, kisha hutembea kilomita tatu zaidi hadi kambini. Uwanja wa kambi umenyooka kando ya mto kwa zaidi ya kilomita moja, kuanzia chini ya poromoko la Havasu hadi juu ya poromoko la Mooney. Kila mtu hujichagulia mahali pa kupiga hema. Maji ya kunywa hutoka katika chemchemi iliyotegwa kwenye ukuta wa korongo.

Maporomoko yenyewe

Mtu anayetoka kijijini hukutana kwanza na maporomoko mawili yasiyo marefu sana, yaitwayo Fifty Foot na Little Navajo. La ajabu ni kwamba hayakuwepo kabla ya Agosti 2008. Mafuriko ya mwezi huo yaliupasulia mto njia mpya, yakalikausha poromoko la zamani lililoitwa Navajo na kuyazalisha haya mawili.

La tatu ni Havasu, lenye urefu wa takriban mita 30, ambalo picha zake ndizo zinazofahamika zaidi duniani. Zamani maji yake yalishuka kama pazia pana, na wageni wa enzi hizo walilifananisha na shela ya bibi harusi. Mafuriko ya Januari 1910, yaliyokisomba kijiji cha Supai, yaliubomoa ukingo wake wa juu, na tangu hapo maji yamekuwa yakikusanyika na kudondoka katika michirizi mikubwa michache.

Mwisho wa kambi lipo poromoko la Mooney, lililo refu kuliko yote kwa takriban mita 60. Limepewa jina la Daniel Mooney, mtafuta madini aliyeanguka hapo na kufa mwishoni mwa karne ya 19. Kufika chini yake ni jambo la kuogofya: msafiri hupenya katika mashimo mawili yaliyochimbwa kwenye jabali, kisha hushuka akishikilia minyororo na ngazi za mbao zilizolowa kwa marasharasha ya maji.

Hapo hapana aibu kwa aliyerudi nyuma. Mikono ikiwa imechoka, au mvua ikiwa inanyesha, busara ni kulitazama poromoko kutoka juu. Wanaoshuka hushauriwa kuvaa glavu na kusubiri mwenzao afike chini kabla ya wao kuanza.

Kilomita tano hivi mbele ya Mooney yapo maporomoko ya Beaver, ambayo ni ngazi za mabwawa yanayomiminiana maji. Njia ya kwendako huuvuka mto mara kadhaa, na maji hufika magotini au viunoni. Safari ya kwenda na kurudi humaliza siku nzima, na mtu asiyeondoka asubuhi hujikuta akizipanda ngazi za Mooney gizani.

Kwa nini maji ni ya buluu?

Rangi ya maji haya hutokana na chokaa. Mvua na theluji inayoanguka kwenye tambarare ya juu hupenya polepole katika matabaka ya mawe ya chokaa, ikiyayeyusha kidogo kidogo. Baada ya muda mrefu ardhini maji hayo huibuka katika chemchemi zilizo karibu na Supai, yakiwa yamejaa madini, na yakiwa na joto la takriban nyuzi 21 mwaka mzima.

Maji yanapopigwa na hewa, hususan yanapoporomoka, hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake hutoka na chokaa hushindwa kubaki ikiwa imeyeyuka. Huganda, kama ule ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika la chai pale maji ya kisima yanapokuwa na chumvichumvi. Chembe zake nyepesi huutawanya mwanga wa buluu, na sakafu nyeupe ya mto huuakisi.

Chokaa hiyo hufunika kila kitu: majani, matawi yaliyoanguka, hata mizizi. Kwa miaka mingi hugeuka jiwe liitwalo travertini, ambalo hujenga kingo, mabwawa na mapazia ya mawe yanayoning'inia kando ya maporomoko. Ndiyo maana wageni huombwa wasikanyage kingo za mabwawa, kwani hatua moja huweza kuvunja kilichojengwa kwa miaka mingi.

Ujenzi huo haukomi, na ubomoaji pia haukomi. Mto hujenga kwa subira, kisha mafuriko huja na kuvunja kwa saa moja. Maporomoko anayoyaona mgeni wa leo si yale aliyoyaona babu yake.

Mafuriko ya ghafla

Hatari kubwa zaidi Havasu ni mafuriko ya ghafla, ambayo hutokea zaidi kati ya Julai na Septemba, msimu wa mvua za radi. Ardhi ya jangwa ni ngumu na haina majani ya kuzuia maji. Mvua ikinyesha juu kwenye tambarare, maji yote hukimbilia kwenye makorongo. Mtu aliye chini huweza kuwa anaota jua chini ya anga safi huku ukuta wa matope ukimjia kutoka mbali.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa korongo jingine la Arizona, Antelope, ambako watalii 11 walifariki Agosti 12, 1997. Walipokuwa wamesimama mvua haikuwa ikinyesha; dhoruba ilikuwa imepiga kilomita nyingi kutoka hapo.

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali ili kuyaelewa haya. Katika korongo la mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu saba waliokuwa katika ziara ya kanisa walisombwa na mafuriko ya namna hiyo Aprili 2012. Septemba 2019 watu wengine saba walifia katika korongo lilo hilo. Kanuni ya korongo ni moja popote: linalopendeza kwa sababu limechongwa na maji lilichongwa na maji ya aina hiyo.

Huko Havasu, mafuriko ya Agosti 2008 yaliwalazimu mamia ya watu kuhamishwa kwa helikopta. Julai 2018 wageni wapatao 200 waliokolewa baada ya maji kuivamia kambi usiku. Oktoba 2022 madaraja na njia viliharibiwa. Mnamo Agosti 22, 2024 mtalii mmoja alipoteza maisha na zaidi ya watu 100 wakatolewa kwa helikopta za kijeshi.

Dalili ni chache na muda ni mfupi. Maji ya buluu yakigeuka kahawia ghafla, mto ukianza kuleta vijiti na majani, au mngurumo ukisikika kutoka juu ya bonde, mtu apande mahali pa juu papo hapo. Asirudi kuchukua hema, simu wala viatu. Asijaribu kuvuka. Baada ya hapo angoje, kwani wimbi la pili huweza kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kufanya baada ya kupiga hema ni kutazama juu na kuchagua njia ya kukimbilia, kungali mchana. Wengi hulifanya mwisho, au hawalifanyi kabisa.

Mzigo wa shanta

Msafiri mzoefu hujulikana kwa vitu alivyoviacha nyumbani. Shanta isipite robo ya uzito wa mwili wake, na ikipungua ni bora zaidi. Vinavyohitajika ni hema jepesi, mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, chakula cha siku nne, tochi ya kichwani, dawa za malengelenge na vyombo vya maji.

Viatu viwe vya aina mbili: vya kutembelea, vilivyokwisha kuzoea mguu, na vingine vya kuingia majini ambavyo havivuki mguuni. Anayevaa viatu vipya kwa mara ya kwanza siku ya safari atajuta kabla ya kukifikia kijiji.

Moto wa kuni umepigwa marufuku kambini, hivyo jiko la gesi ni la lazima. Chakula nacho kihifadhiwe katika chombo kigumu chenye mfuniko. Kindi wa korongo hilo wamezoea wageni kiasi cha kutoboa shanta na hema kufuata harufu ya karanga. Atakayeishiwa chakula huweza kununua kwa wenyeji mkate wa kukaanga katika mafuta, wenye unasaba na mandazi.

Majira yanayopendeza zaidi ni ya kuchipua, Machi hadi Mei, na ya kupukutika, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Kiangazi huleta joto kali na radi. Wakati wa baridi usiku huweza kuganda, ingawa maji ya mto hayabadiliki.

Wako wanaolipia mizigo yao ibebwe na wanyama. Afya ya farasi na baghala hao imewahi kuzua malalamiko ya watetezi wa wanyama, na msafiri mwenye kujali hupima kama kweli mzigo wake unahitaji mgongo wa kiumbe mwingine. Ambaye hawezi kuubeba mwenyewe huenda amefungasha mno.

Adabu ya mgeni

Sheria za Baraza la Kabila ni wazi. Pombe na dawa za kulevya haziruhusiwi mahali popote katika ardhi hiyo. Droni haziruhusiwi. Kuruka majini kutoka majabalini ni marufuku, maana vina hubadilika kila baada ya mafuriko na palipokuwa na bwawa mwaka jana huweza kuwa na mwamba.

Kijijini mgeni hupita kwa heshima, bila kuzipiga picha nyumba au watu pasipo idhini. Yale ni makao ya watu, na mtoto anayecheza uani si kivutio cha utalii.

Taka zote hubebwa na mwenyewe hadi juu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Havasu mgeni hulala usiku tatu, na jembe lake ni kuondoka na kila alichokuja nacho, pamoja na makopo, mabaki ya chakula na mitungi mitupu ya gesi. Hakuna lori la manispaa litakalomfuata.

Siku ya kurudi ndiyo inayompima mtu. Mwinuko mkali unaosubiri mwishoni hukutana na miguu iliyokwisha kuchoka, na anayechelewa kuondoka kambini huukuta jua likiwa utosini. Wenye uzoefu huamka saa tisa au kumi za alfajiri, hutembea kwa mwanga wa tochi na kulifikia jabali la mwisho likiwa bado kivulini.

Maji ya kesho

Kwa Wahavasupai, hofu kubwa ya miaka hii haitoki mawinguni. Inatoka ardhini. Kusini mwa Grand Canyon, karibu na mlima mwekundu ambao kwao ni mtakatifu, upo mgodi wa madini ya urani ulioanza kutoa mawe ya madini mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya mvutano wa miaka mingi.

Jamii inahofia kwamba maji ya ardhini yakichafuliwa huko, uchafu huo siku moja utaibuka katika chemchemi za Supai. Wamiliki wa mgodi wanasema muundo wa miamba na mitambo yao hauruhusu jambo hilo kutokea. Wahavasupai hujibu kwamba wao hawana chemchemi nyingine ya kuhamia endapo makadirio hayo yatakuwa na kosa.

Mnamo Agosti 8, 2023 Rais Joe Biden alitangaza karibu ekari milioni moja zinazolizunguka Grand Canyon kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa, hatua iliyozuia madai mapya ya uchimbaji. Jina la eneo hilo lilitungwa kwa lugha za Wahavasupai na majirani zao Wahopi. Hata hivyo tangazo halikuufunga mgodi huo, kwa kuwa haki zake zilikuwa za tangu zamani.

Kwa msafiri, yote haya huishia katika jambo moja analoweza kulifanya. Anapokinga chupa yake kwenye chemchemi ya kambini, anakunywa maji yaleyale yanayonywewa na mtoto wa Supai, yaliyoshuka kutoka tambarare ambayo wazee wake waliidai kwa zaidi ya miaka 90. Yeye ataondoka siku ya nne. Mtoto huyo atabaki, na jina lake litaendelea kuwa jina la maji hayo.